Mtani Asiyejua Kutania

Sajini Theodory alikuwa mtu wa kusimama. Alikula amesimama, alisikiliza mahubiri amesimama nyuma ya kanisa, na wanamgambo wa kijiji cha Mkombozi waliapa kwamba hata usingizi huupata wima, ameegemea ukuta kama jembe. Alilitumikia jeshi miaka ishirini na miwili, la Mwingereza na letu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akinung'unika wala akicheka. Watu waliliita jambo hilo nidhamu. Mimi nina jina jingine, lakini nitalitunza kwanza.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, mwaka wa sabini na tano, alikuwa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji akiwafundisha vijana kugeuka na bunduki za mbao. Gabrieli akafika na baiskeli, akaiegemeza kwenye mlingoti wa bendera, jambo ambalo siku nyingine lingemletea adhabu. Gabrieli alikuwa mdogo wake Petro Msagati, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba."

"Kaka ametutoka alfajiri. Shemeji Sikuzani amenituma. Anasema mtani aje mapema, kaburi halichimbwi bila wewe."

"Nimesikia," Theodory akasema.

Kisha akawageukia vijana akawaamuru mguu sawa, akaendelea na gwaride hadi saa tatu, kwa sababu ratiba ilisema saa tatu. Gabrieli alisimama pale akimtazama kwa muda, akachukua baiskeli yake akaondoka. Vijana wakadhani msiba haukumgusa. Hawakujua kwamba kwa mara ya kwanza tangu awafundishe alikuwa amewageuza kushoto mara tano mfululizo, mpaka wakarudi kulekule walikoanzia na kupitiliza.

Huku Kilosa ukoo hufuata mama. Ukoo wa mama yake Theodory, watu wa mlimani Mamboya, na ukoo wa mama yake Petro, watu wa bondeni Rudewa, ni watani. Utani huo ulianza lini na kwa nini, kila mzee ana hadithi yake, na zote ni za uongo. Lililo la kweli ni kazi yake. Mtani hukutukana mbele ya wakwe na hukasiriki. Huingia kwako akakamata kuku, nawe unamsaidia kumfunga miguu. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuosha, ndiye anayekuchimbia, ndiye anayevaa nguo zako na kukuigiza mbele ya wafiwa mpaka waliokuwa wakigaragara kwa kilio wacheke. Lolote atakalosema pale kaburini ni utani. Anayelikasirikia anatozwa mbuzi, na anayelipeleka barazani anaonekana hana kwao.

Ni mila nzuri, na imewaokoa wengi wasife kwa huzuni. Theodory aliitumia kumwua mtu.

Yalitokea mwezi wa kwanza mwaka wa sitini na nne, askari walipoasi. Theodory na Petro walikuwa kambi moja, mbali na makao makuu, na siku ile ya vurugu walikuwa wamefungiwa katika ghala la viatu, wawili peke yao, wakipanga jozi kwa namba. Redio ilikuwa ikipiga kelele dirishani. Petro alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye uso wa huzuni wa kuzaliwa nao, na aliposema mzaha hata nyusi haikutikisika. Ndicho kilichowavunja watu mbavu. Siku hiyo akashika kiatu kimoja cha namba kumi na mbili, akakitazama, akasema:

"Theodory, kesho mimi ndiye Brigedia. Wewe utanifulia suruali, na mkeo atanisongea ugali. Hawa wakubwa wote nitawaweka humu ghalani, walinde viatu."

Theodory hakujibu. Hakuwahi kujibu. Tangu wajiunge jeshini Petro alimtania asubuhi na jioni, mbele ya wenzao, mbele ya wapishi, mbele ya wanawake wa sokoni, na Theodory alisimama tu kama nguzo akimwagiwa. Utani ni mchezo wa watu wawili, naye alikuwa amekataa kucheza. Mtu wa aina hiyo hukusanya. Sijui kama yeye mwenyewe alijua anakusanya.

Vurugu zilipozimwa, akaja afisa wa kuhoji. Alikuwa mtu wa mbali, hajui mila za huku, na alikuwa na meza, kalamu na karatasi za kujaza. Theodory akaingia, akapiga saluti, akasimama.

"Kuna yeyote uliyemsikia akisema atatwaa madaraka?"

"Ndiyo, afande. Petro Msagati. Alisema kesho yeye ndiye Brigedia, na wakubwa atawafungia ghalani."

Afisa akainua kichwa. Hakuwa mjinga. Akaweka kalamu chini akauliza, "Alikuwa anacheka aliposema?"

"Hapana, afande."

Jibu lilikuwa kweli. Petro hakucheka, hakuwahi kucheka. Yalibaki maneno matatu tu, ni mtani wangu, na afisa yule angeikunja karatasi akaitupa. Theodory aliyahisi maneno hayo yako kinywani. Akayaacha humo. Alijiambia kwamba hakuulizwa, na askari hujibu alichoulizwa. Lakini ndani yake, chini kabisa, palikuwa na kitu cha baridi na kitamu kilichokuwa kikisema: mwache naye leo asimame mbele ya watu, achekwe.

Walimpakia Petro lorini mchana, mikono imefungwa. Alipopita mbele ya Theodory alisimama kidogo, na uso wake ule wa huzuni haukubadilika.

"Mtani," akasema, "usisahau suruali."

Hata walinzi walicheka. Lori likaondoka.

Petro alikaa kizuizini miaka mitatu akiponda mawe, mahali ambapo vumbi la mawe ndilo lililokuwa chai na chakula cha jioni. Alitoka na kifua kinachokoroma kama mbuzi mgonjwa. Theodory akabakizwa jeshini, akavishwa usajini kwa uaminifu wake. Alipewa na barua ya pongezi. Aliifungia barua hiyo katika sanduku la bati chini ya kitanda, na tangu siku hiyo akawa halali kitandani. Alilala sakafuni, upande wa pili wa chumba, na mkewe aliyemwuliza kwa nini alijibiwa kwamba mgongo unauma. Mkewe alikufa bila kujibiwa vizuri zaidi. Watoto hawakupata.

Mngesema angalau wangekaa mbali mbali. Hapana. Petro alipofunguliwa aliona aibu kurudi Rudewa, akamchukua mkewe Sikuzani wakaenda Mikumi, akafanya kibarua barabarani, akajenga na kulima karibu na mpaka wa hifadhi, nyumba yao na ya jirani zikiwa mbali kiasi kwamba tembo alipita katikati bila kumwamsha mtu. Theodory alipostaafu mwaka wa sabini na tatu wilaya ikamchukua kufundisha mgambo. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni, watu wote wahamie vijijini, na nani wa kupelekwa Mikumi na malori isipokuwa mtu asiyeuliza maswali?

Alikuwa na orodha. Kila nyumba aliisomea jina, akatoa saa moja ya kufunga mizigo, kisha akaamuru paa liondolewe ili mtu asirudi. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa na mtu mfupi amekaa kizingitini akikohoa ndani ya kitambaa. Theodory alilisoma jina lile kwa sauti ileile aliyosomea mengine kumi.

Petro akamwangalia kuanzia buti hadi kofia. "Mtani. Umechelewa mno. Suruali zenyewe zimekwisha chakaa."

Vijana wa mgambo wakacheka. Theodory akatazama saa yake.

"Una saa moja," akasema.

"Nina mgonjwa ndani ya nyumba hii," Petro akasema, "ndiye mimi. Mvua inakuja. Mtani haniachii hata nyasi za upande mmoja?"

Sikuzani alisimama nyuma ya mumewe na sufuria mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, ambaye kila mara alimwamkia Theodory kwa kupiga goti kidogo. Hata siku ile aliamkia. Saa moja ilipokwisha Theodory akapanda mwenyewe juu ya paa, kwa kuwa vijana walikuwa wakisitasita, akalivua kwa mikono yake, kamba moja baada ya nyingine, kwa utaratibu. Amri ilikuwa amri. Mvua iliwakuta njiani juu ya lori lisilo na turubai, ikawakuta tena Mkombozi ambako nyumba za wageni zilikuwa bado ni vijiti vilivyochomekwa ardhini. Ilinyesha siku tatu. Kifua cha Petro hakikupona tena.

Basi wakaishi kijiji kimoja, nyumba ya saba na nyumba ya kumi na tisa. Petro alifuga mbwa mmoja wa rangi ya udongo akamwita Lupakisyo, na aliyeuliza alijibiwa kwamba hilo ni jina la karani wa kambini aliyemchongea. Theodory alimkumbuka Lupakisyo, kijana wa Tukuyu, mwenye mwandiko mzuri, ambaye hakumchongea mtu. Kila alipopita mbele ya nyumba ya saba, Petro aliyekuwa amekaa juani na blanketi alimwita mbwa wake kwa sauti yote iliyobaki kifuani. "Lupakisyo, msaliti wee, njoo ule mfupa. Mtani, pita basi, mbona huingii? Pita umtukane na wewe, ni mbwa wa watu wote."

Theodory alisimama, akasema, "Nina kazi," akaenda zake. Alifanya hivyo kwa mwaka mzima na zaidi. Kila siku alijiambia kesho ataingia, atakaa chini, atasema. Hakuna askari asiyeogopa kitu, na huyu ambaye hakuogopa risasi aliogopa kigoda cha miguu mitatu nyumbani kwa mgonjwa. Sasa Petro alikuwa amekufa, na aliyebaki wa kuambiwa ni Sikuzani. Alitaka jambo moja tu: aseme, Sikuzani amsikie, amhukumu kwa namna yoyote atakayopenda, naye aitumikie adhabu hiyo aimalize. Alijua kutumikia.

Alifika msibani saa nne, amevaa sare iliyopigwa pasi. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, wanaume nje. Dada yake Theodory, Perpetua, alikuwa amefika mapema kutoka mlimani na alikuwa keshaianza kazi ya utani kama inavyotakiwa. Amejifunga blanketi la marehemu, anatembea kwa mkongojo huku akikohoa na kuomba kila mtu tumbaku, mpaka Gabrieli aliyekuwa akilia akajikuta anafuta machozi ya kicheko. Theodory alilianzisha kaburi kwa sururu, akawaachia vijana walimalize, kisha akauosha mwili pamoja na wazee wawili. Alizipitishia maji mbavu zile moja moja. Zilikuwa zinahesabika.

Alipomaliza akaenda mlangoni kwa wanawake. "Shemeji, nina neno. Naomba tusogee pembeni, mimi na wewe."

Sikuzani alikuwa ameketi mkekani, amejitanda kaniki.

"Leo huna pembeni," akasema. "Leo wewe ni mtani tu. Kama una neno, vaa koti la mwenzako, ukaliseme kaburini watu wakisikia."

Wanawake wakaitikia kwamba ndivyo, sajini asikwepe zamu, miaka yote hiyo hajatania hata msiba mmoja. Generoza, binti mkubwa wa marehemu, akamletea koti la Petro. Lilikuwa fupi, mikono iliishia karibu na viwiko, na kifuani halikufunga. Kundi zima lilianza kucheka kabla hajafungua kinywa.

Jua lilikuwa utosini walipofika makaburini. Jeneza likawekwa kando ya shimo, katekista akasogea nyuma, kwa maana hata katekista anajua kuwapisha watani. Theodory akasimama ukingoni, visigino pamoja. Akapiga saluti. Kicheko kikapanda.

"Natoa ripoti," akasema. "Marehemu hakuchongewa na Lupakisyo."

Mbwa aliposikia jina lake akatoka katikati ya miguu ya watu, akaja akakaa mbele yake akitikisa mkia. Watu wakashikana mabega kwa kicheko. Kuna mzee alilazimika kuketi.

"Aliyemchongea ni mimi," Theodory akasema.

"Ni yeye," Perpetua akadakia kwa kukoroma kama Petro, "na mshahara wake wote alinunulia pasi."

"Mwezi wa kwanza, mwaka wa sitini na nne. Tulikuwa ghalani. Alisema kesho yeye ndiye Brigedia, na mimi nitamfulia suruali. Nikaenda nikamwambia afisa. Afisa akaniuliza, alikuwa anacheka? Nikasema hapana, afande."

Alilitamka hilo kama alivyolitamka siku ile, kidevu juu, macho mbele, mikono ikining'inia nje ya koti la mtu mfupi. Msiba uliangua kicheko. Gabrieli alijipiga mapaja akisema kumbe mtu huyu anaweza, kumbe alikuwa anatuficha. Vijana wa mgambo, ambao hawakuwahi kuona hata meno ya sajini wao, walilia kwa kicheko.

"Nasema kweli," akasema.

Wakazidi.

"Sikumwambia afisa kwamba ni mtani wangu. Ningesema, wangemwachia. Nilifurahi akamatwe." "Nyumba yake ya Mikumi niliiezua mwenyewe, kwa mikono hii, mvua ikija. Ndiyo iliyomwua."

Hapo palikuwa na kimya kidogo, kama pumzi moja. Theodory akadhani wamesikia. Akawageukia wote, akasimama mguu sawa akingoja, na moyo wake ukamwambia, sasa. Ndipo Perpetua, dada yake wa tumbo moja, aliyeona mchezo unataka kuzama, akajitupa chini miguuni pake akipiga yowe, kwa maneno ambayo Petro alikuwa ameyasimulia kijiji kizima, kwamba afande amwachie hata nyasi za upande mmoja, na watu wakapasuka upya. Walimrushia majivu. Walimbeba juu. Aliangalia kule walikoketi wafiwa akamwona Sikuzani amefunikwa kaniki uso wote, mabega yanatikisika, na hakuweza kujua anacheka au analia. Kisha wakamshusha, wakampa chepe, akamfukia mtani wake.

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, akaenda nyumba ya saba. Sikuzani alikuwa peke yake barazani akichambua maharage kwenye ungo. Alimwona akija. Theodory akasimama mbele yake akingojea shikamoo, kwa mazoea ya miaka mingi. Haikuja. Sikuzani alitoa jiwe moja kwenye maharage akalitupa uani.

"Niliyoyasema kaburini ni kweli," Theodory akasema.

"Najua."

"Nataka uniite mbele ya baraza la kijiji. Nitayasema tena, wanihukumu."

"Utayasemaje tena? Uliyasema kaburini, umevaa koti, kijiji kizima kikasikia. Neno la mtani pale halina baraza. Ukilirudia watasema utani umemlevya sajini." Akatikisa ungo. "Mlango huo umeufunga mwenyewe."

"Ni wewe uliyeniambia nikaseme kule."

"Ni mimi."

Theodory akamtazama. Alikuwa bado mwanamke yuleyule mpole, sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu alipotoka kizuizini. Walimsomea maneno yake kutoka kwenye karatasi. Mlikuwa wawili ghalani, Theodory. Wawili tu na viatu. Ulidhani atamshuku nani?"

Jambo hili, nawaambia, halikuwa limemjia Theodory hata mara moja katika miaka kumi na moja. Alikuwa ameshughulika mno na kulificha asione kwamba halikuwa na pa kujificha.

"Lakini Lupakisyo," akasema. "Mbwa."

"Lupakisyo ndiye aliyekuwa akimpelekea mkate kizuizini kwa siri. Petro alimpenda kama ndugu. Alimpa mbwa jina lake ili aone utavumilia mpaka lini rafiki wa watu atukanwe kwa ajili yako." Sikuzani akaweka ungo chini. "Mwaka wa kwanza aliniambia, mwaka huu mtani atasema. Akisema nitacheka, yaishe, ndiyo kazi ya utani. Wa pili hivyohivyo. Siku ulipokuja na malori alisema, anakuja kusema. Ukavua paa. Hapa kijijini alikaa juani kila siku akikuita upite. Ulidhani alikuwa anaota jua? Lile jua lilikuwa linamuumiza kichwa. Siku ile ya mwisho hakuweza kutoka. Akaniuliza kitandani, amepita? Nikamwambia amepita. Akauliza, ameingia? Nikamwambia hakuingia."

Theodory alisimama. Alitaka kulia, na hakujua kunaanzia wapi, kwa hiyo hakulia.

"Yeye angekucheka akakusamehe," Sikuzani akasema. "Mimi si mtani wako. Mimi niliolewa, nikalala na kile kifua kikikoroma miaka minane. Mimi sicheki."

"Niambie nifanye nini."

"Unataka amri."

"Ndiyo."

"Haya. Kila msiba wa ukoo wa Petro utavaa lile koti, utasimama kaburini, utayasema yote kama ulivyoyasema juzi. Usiongeze, usipunguze. Watacheka. Mimi nitakuwa nimekaa mbele, nikikutazama. Wewe na mimi tu ndio tutakaojua."

Theodory akaunganisha visigino. "Ndiyo, mama," akasema, kwa mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na zaidi.

Naye alikuwa mwaminifu, hilo hakuna atakayemnyima. Ukoo wa Petro ni mkubwa, na kijiji kipya kilizika sana, hasa mwaka wa kipindupindu. Alivaa koti, akasimama, akatoa ripoti. Habari zake zikaenea, watu wakawa wanamfuata kwa baiskeli na kwa malori ya pamba kutoka Dumila na Kilosa mjini, hata wasio watani wake, kwamba msiba wetu umekuwa mzito, tunamwomba sajini. Alikwenda kote. Wafiwa walimbariki, wakasema ana kipaji, kwani ameshika uso uleule wa marehemu Petro, hatabasamu hata kidogo. Na kila mara, mahali fulani mbele, palikuwa na kaniki na macho mawili makavu, naye aliyasemea macho hayo maneno yake yote. Nathubutu kusema kwamba aliyahitaji kuliko chakula. Huko ndiko alikokuwa anahukumiwa, na mtu anayehukumiwa bado ni mtu.

Mwaka wa sabini na tisa, mwezi wa tatu, Sikuzani akafa kwa homa ya siku mbili. Watani wa ukoo wake walikuwepo, wakafanya yao. Theodory alikaa nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza watu walimwona amekaa. Hakuwa amelipitia koti nyumba ya saba, lilikotunzwa. Lakini Generoza, ambaye alilelewa na mzaha ule na kuupenda, alikuwa amelileta yeye, limefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Baba, tufanyie ile," akamwambia, machozi yakimtiririka. "Mama aliipenda. Hakukosa hata mara moja."

Wakampisha njia hadi ukingoni. Akavaa koti. Watoto wa kijiji walikuwa wamekimbilia mbele na kukaa chini safu nzima, pale palipokuwa mahali pa Sikuzani, vinywa vimekwisha kuwa wazi. Theodory akaunganisha visigino, akapiga saluti.

"Natoa ripoti," akasema, na watoto wakaisema pamoja naye.

Alisema yote. Alipofika kwenye swali la afisa alinyamaza, akawatazama mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo, akitafuta. Watoto hawakumngoja. Walijibu wenyewe kwa sauti moja, hapana, afande, na uwanja mzima wa makaburi ukaangua kicheko, Gabrieli na Generoza wakiwa wameshikana wasianguke, na mbele yake hapakuwa tena na mtu hata mmoja asiyecheka.